Kiongozi acheze, ila tujue anacheza na nani

MAONI YETU

Kiongozi wa nchi ni binadamu. Anachoka, mgongo unamuuma, naye anahitaji saa mbili tatu za kutowaza bajeti wala uteuzi. Asiyepumzika huamua vibaya, na uamuzi mbaya wa Ikulu haukai Ikulu. Unasafiri hadi Mwaloni, Kirumba, ukamkuta mama wa dagaa hana habari. Kwa hiyo tuseme msimamo wetu mapema: hatuna ugomvi na rais anayecheza. Ugomvi wetu ni na mchezo unaolipiwa na umma, kisha umma ukaambiwa hauuhusu.

Siku hizi habari hii inakuja zaidi kwa sura ya gofu, na chanzo ni Marekani. Kule wapo waandishi waliofanya kazi ya kuhesabu. Mark Knoller wa kituo cha CBS alihesabu kwamba Barack Obama alicheza gofu mara 333 katika miaka yake minane madarakani. Donald Trump alimsimanga sana kwa hilo, kisha alipoingia yeye akaonekana viwanjani kila mara, na mara nyingi katika viwanja anavyovimiliki mwenyewe. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, ambayo tunaweza kuiita ndugu wa CAG wetu, ilikagua safari zake nne tu za Mar-a-Lago, Florida, za Februari na Machi 2017. Ikakuta zimeigharimu serikali takriban dola milioni 13.6, nyingi zikiwa za ndege, boti za ulinzi na watu wa usalama. Julai 2025 mambo yakasogea hatua nyingine. Trump alikuwa Uskoti kwenye hoteli yake ya gofu ya Turnberry, na hapohapo akampokea Ursula von der Leyen na kutangaza makubaliano ya biashara kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya. Kazi ya nchi, uwanja wa biashara binafsi na mapumziko ya mwisho wa wiki vilikuwa chini ya paa moja.

Msomaji wa Mwanza anaweza kuuliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu kiongozi anayestarehe bila maswali si mazao ya Marekani peke yake. Na Wamarekani, pamoja na kasoro zao zote, wametuzidi jambo moja: wanajua hesabu. Wanajua mara ngapi, wapi na kwa gharama gani. Huku kwetu kiongozi akipotea wiki moja, tunabaki kuulizana kwenye daladala.

Kwanza tuelewe kwa nini gofu inasumbua kuliko mchezo mwingine. Mashimo 18 huchukua saa nne hivi, na wachezaji hutembea kilomita kadhaa, mara nyingi wanne kwa kundi. Hakuna jukwaa la mashabiki, hakuna mwandishi anayesikia kinachosemwa kati ya shimo la tano na la sita. Asiyecheza yupo mbali, au amebeba mfuko wa fimbo za anayecheza na kufundishwa kutosikia. Mwananchi mwenye kero ya ardhi anaweza kuhangaika miaka bila kupata dakika kumi za mkubwa. Mwenye kampuni akialikwa kwenye kundi la wanne, anapata asubuhi nzima. Hapo ndipo penye uzito wa gofu kisiasa: inagawa muda wa kiongozi, na inaugawa kwa wachache.

Ufukweni mwa ziwa letu mchezo huu ulikuja na wakoloni. Klabu ya gofu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901, karibu na yalipokuwa makao ya gavana, na hadi leo majani yake yanateremka kuelekea ziwani. Kisumu wanayo yao, na wachezaji hupenda kusimulia kanuni ya zamani ya huko Nyanza kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba, mchezaji ana ruhusa ya kuangusha mwingine mahali salama. Ni kanuni ya watu waliokuja kucheza palipokuwa na wenyeji wengine, wenye miguu miwili na wenye miguu minne, na ikawabidi waandike sheria ya kukwepana.

Uhuru ulipokuja, baadhi ya viongozi wa Afrika waliurithi mchezo pamoja na nyumba za magavana. Kenneth Kaunda alikuwa na uwanja wa mashimo tisa ndani ya eneo la Ikulu ya Lusaka na aliupenda mno. Mfalme Hassan wa Pili wa Moroko alikuwa mgonjwa wa gofu. Uwanja mkubwa wa Rabat uliofunguliwa mwaka 1971 unaitwa Royal Golf Dar Es Salam, na mashindano ya kombe lenye jina lake yalianza mwaka huohuo. Félix Houphouët-Boigny aliigeuza Yamoussoukro, kijiji cha nyumbani kwake, kuwa mji mkuu wa Ivory Coast, na miongoni mwa alivyouachia upo uwanja wa gofu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Mwai Kibaki, mwanachama wa klabu ya gofu ya Muthaiga kwa miaka mingi, na waliomkosoa walilalamika kwamba wandani wake wa klabu walikuwa na sikio lake kuliko mawaziri.

Hapa kwetu Mwalimu Nyerere alicheza bao. Yeye na Kaunda walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wakajenga pamoja reli ya TAZARA, wakabeba pamoja mzigo wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, lakini kwenye starehe kila mmoja alishika njia yake. Picha za Mwalimu akiwa ameinamia bao, kete mkononi, watu wamemzunguka, wazee wengi wa Mara na Mwanza wanazikumbuka. Muda mwingine wa faragha aliutumia mezani. Akiwa madarakani alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, *Julius Caesar* mwaka 1963, kisha *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Haya nayo yalikuwa mapumziko ya rais, na faida yake ipo hadi leo kwenye rafu za maktaba.

Hatusemi bao ni takatifu na gofu ni dhambi. Kaunda hakuwa mtu mbaya kwa sababu ya gofu, na kucheza bao hakukumfanya Mwalimu asikosee. Vijiji vilivyohamishwa kwa nguvu miaka ya sabini havikuuliza rais anapenda mchezo gani. Tunachosema ni kwamba bao lina tabia moja ambayo mchezo wowote wa kiongozi ungefaa kuwa nayo: linachezwa mbele za watu.

Nenda kijiwe chochote cha bao hapa mjini jioni uone. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Wanaocheza ni wawili, lakini waliopo ni kumi na tano, na hao kumi na watatu waliobaki hawanyamazi. Mchezaji akinamua vibaya anazomewa kabla kete hazijalala. Akiwa mwenyekiti wa mtaa, anazomewa zaidi. Akijaribu kurudisha kete iliyokwisha kutoka mkononi, mkono wake unashikwa. Akifungwa, anasimama, anampisha mwingine, na kesho yake watu watamkumbusha sokoni. Ukikaa hapo unasikia pia bei ya mafuta ya taa, habari ya nyavu zilizokamatwa na nani kahamishwa kituo. Kiongozi anayekaa mahali kama hapo hata mara moja kwa mwezi ataondoka anajua mambo ambayo taarifa ya mkuu wa wilaya haikuyataja.

Mchezo usiomruhusu mkubwa kushindwa humharibu mkubwa. Ushahidi tunao hapo jirani, Burundi. Hayati Rais Pierre Nkurunziza alikuwa mwanasoka wa kweli, aliyewahi kufundisha mazoezi ya viungo kabla ya siasa, na akiwa rais alizunguka nchi nzima na timu yake, Hallelujah FC. Kwa miaka ya mwanzo watu walipenda: rais mwenye jezi, anatoka jasho na vijana wa mikoani. Februari 2018 timu yake ilikwenda kucheza Kiremba, kaskazini mwa nchi. Baadhi ya wachezaji wa timu pinzani, wakimbizi kutoka Kongo wasiomtambua, walimkaba kama wanavyomkaba mtu yeyote mwenye mpira, akaanguka mara kadhaa. Matokeo yake viongozi wawili wa Kiremba walitiwa mbaroni kwa tuhuma za njama dhidi ya rais. Tangu hapo ule haukuwa tena mpira. Beki anayejua kwamba kumkaba mshambuliaji ni jela atamwacha apite, na mshambuliaji atarudi nyumbani akiamini bado ana kasi. Nchi nzima ikiishi hivyo, rais anapewa takwimu za kumfurahisha jinsi anavyopewa magoli.

Gofu nayo ina ugonjwa wake wa namna hii, maana mchezaji mwenyewe ndiye anayehesabu mikwaju. Bill Clinton alisifika kwa kurudia mkwaju uliomwendea kombo na kuuhesabu wa pili kana kwamba wa kwanza haukupigwa. Nani atambishia? Mabilionea aliocheza nao hawakwenda pale kubishana naye.

Sasa tuje kwenye jambo la kwanza, linalotugusa sisi watu wa ziwa kuliko mengine yote: kiongozi anaendelea kucheza au anaacha, msiba unapoingia.

Februari 2001 manowari ya Marekani iliibuka ghafla kutoka chini ya maji karibu na Hawaii na kuipasua *Ehime Maru*, meli ya mafunzo ya uvuvi ya shule ya sekondari ya Japani. Watu tisa walikufa, wanne kati yao wanafunzi. Waziri Mkuu wa Japani, Yoshiro Mori, alipewa habari akiwa kwenye uwanja wa gofu. Akaendelea kucheza. Hakuwa na uwezo wa kumwokoa yeyote aliyekuwa baharini upande wa pili wa dunia, na pengine hata washauri wake walimwambia atulie. Lakini wazazi wa Kijapani hawakumsamehe. Umaarufu wake, uliokuwa umekwisha kudhoofika, ulimalizikia hapo, na Aprili mwaka huohuo akaondoka.

Sisi tunaielewa hasira ya wazazi wale bila kuelezwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV *Bukoba* ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na mamia ya watu walikufa maji wakiwa karibu na nyumbani. Makaburi ya Igoma yapo, kila anayepita njia ya Musoma anayajua. Rais Benjamin Mkapa alikuwa hajatimiza hata mwaka Ikulu. Alitangaza siku tatu za maombolezo na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Robert Kisanga. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV *Nyerere* kilipinduka kikikaribia Ukara kikitokea Bugolora, kikiwa kimebeba watu wengi mno kupita uwezo wake. Walikufa watu 228. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika kisiwani na kuongoza mazishi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19 na kuokoka 24. Majaliwa alifika siku hiyohiyo.

Waokoaji wa kwanza katika ajali hiyo ya ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hakuna waziri aliyevunja mlango wa ndege. Hata hivyo kufika kwa kiongozi si mapambo. Akifika, simu zinapokelewa, winchi inatafutwa, wazamiaji wanasafirishwa, daktari aliyekuwa likizo anarudi. Akiwa amekaa kimya mahali pasipojulikana, kila mtu chini yake anasubiri ruhusa. Kwenye ziwa saa moja ya kusubiri ruhusa ni roho za watu. Ndiyo maana tunataka ijulikane kiongozi yupo wapi hata akiwa mapumzikoni, na nani mwenye kalamu yake wakati huo.

Jambo la pili ni wenzake wa mchezo. Korea Kusini, tarehe 1 Machi 2006, ilikuwa siku ya kumbukumbu ya taifa na mgomo wa wafanyakazi wa reli ulikuwa umeanza. Waziri Mkuu Lee Hae-chan akaenda Busan kucheza gofu na wafanyabiashara. Hakukamatwa na rushwa mkononi. Lakini wananchi waliuliza swali jepesi: hawa wanaocheza na waziri mkuu ni akina nani, na wanahitaji nini serikalini? Majibu hayakutosha, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa amejiuzulu. Swali hilohilo tuliulize hapa. Mwenye zabuni ya barabara, mwenye kiwanda cha minofu, mwenye leseni ya mgodi wa Geita, akiwa kila Jumamosi anakula nyama choma na mkubwa, sisi wengine tuna haki ya kujua. Hatumzuii kula. Tunataka jina lake liandikwe mahali, ili zabuni ikija tuunganishe wenyewe.

Jambo la tatu ni gharama, na hapa lazima tuzungumze kuhusu Chato bila chuki na bila uoga. Hayati Rais John Magufuli hakuwa mtu wa gofu. Alipiga push-up jukwaani mwaka 2015, akashika ufagio tarehe 9 Desemba mwaka huohuo badala ya gwaride la Uhuru, akabana safari za nje za viongozi. Mapumziko yake yalikuwa nyumbani Chato, kwenye mwambao wetu huu wa ziwa. Kwenda nyumbani kupumzika ni jambo jema kuliko kwenda ughaibuni. Ila pale rais anapopumzika, serikali nayo huhamia. Julai 2019 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokelewa Chato kwa nyakati tofauti. Januari 2021 alifika Wang Yi, waziri wa mambo ya nje wa China, na Filipe Nyusi wa Msumbiji. Ukajengwa uwanja wa ndege mkubwa, ikajengwa hospitali ya rufaa, ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Wapo waliofaidika, nasi hatuwezi kuwaambia watu wa Kanda ya Ziwa kwamba hospitali ni kosa. Mgonjwa wa Biharamulo hajali nani alizaliwa wapi. Swali ni la utaratibu: je, vitu hivyo vilijengwa hapo kwa sababu vilikuwa vya kwanza kwenye orodha ya mahitaji, au kwa sababu vilikuwa vya karibu na nyumba ya mkubwa? Swali hilo halikujibiwa vya kutosha wakati likiwa na maana, na sasa tunabishana nalo mwenyewe akiwa kaburini. Mobutu wa Zaire alijenga kwao Gbadolite kwa mtindo wa kutoulizwa, na msitu umekwisha kuyameza majumba yake. Chato haijafika huko na tunaomba isifike. Inahitaji wasafiri, biashara na watu wa kuifanya ijitegemee, na daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 linaweza kusaidia. Somo kwa rais yeyote ajaye ni kwamba ramani ya mapumziko yake isigeuke kuwa ramani ya maendeleo.

Jambo la nne ni afya. Septemba 1955 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani, mcheza gofu aliyetengenezewa kiwanja kidogo cha mazoezi kwenye bustani ya Ikulu yake, alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa likizo Denver. Alikuwa ameshinda uwanjani mchana kutwa. Saa za mwanzo wasaidizi walisema ni tumbo tu. Kisha akaitwa bingwa wa moyo, Dkt. Paul Dudley White, akakaa mbele ya waandishi na kueleza hali ya mgonjwa kwa undani, hadi habari za choo. Soko la hisa lilishtuka, likatulia. Mwaka uliofuata Wamarekani walimchagua tena, wakijua kabisa kwamba moyo wake ni mgonjwa.

Sisi mwaka 2021 hatukumwona rais wetu hadharani tangu mwisho wa Februari. Tuliambiwa yupo na anachapa kazi, watu wakakamatwa kwa kuuliza mitandaoni, na tarehe 17 Machi tukatangaziwa kifo. Hatufufui jambo hili kuumiza familia. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha faragha ya kiongozi ikivutwa mpaka ikafunika jambo la nchi. Nchi ilisalimika kwa sababu Katiba ilikuwa wazi kuhusu nani anarithi, na Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19 Machi. Katiba ilifanya kazi yake. Waliotakiwa kutupa habari hawakufanya yao.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni usalama: ratiba ya rais ikitangazwa, maadui wataitumia. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Hatuombi kujua saa wala njia ya msafara. Tunaomba kujua kwamba rais yupo likizo kuanzia tarehe fulani hadi fulani, ndani au nje ya nchi, na nani anashughulikia mambo. Mwalimu wa shule ya msingi Sengerema anajaza fomu ya likizo yake ya siku 28, mwalimu mkuu anasaini, na kila mzazi anajua nani anashika darasa la tano. Haiwezekani darasa la tano liwe na utaratibu kuliko Jamhuri.

Jibu la pili ni kwamba huu ni wivu wa maskini. Sawa, tuiteni wivu. Lakini anayelipa ndiye anayeuliza. Mafuta ya msafara yanatokana na kodi ya soda, ya luku na ya muamala wa simu ya muuza mitumba wa Makoroboi. Akiuliza fedha yake imekwenda wapi haombi msaada.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila kubadili hata ibara moja ya Katiba. Ikulu itangaze likizo za Rais, Makamu na Waziri Mkuu kama inavyotangaza uteuzi, ikitaja nani anakaimu. Gharama za safari za binafsi za viongozi zitenganishwe na za kikazi kwenye vitabu vya bajeti, na CAG azikague kama fungu linalojitegemea. Viongozi waandike na kuweka wazi kila mwaka mialiko ya michezo, uwindaji, safari na karamu waliyopewa na watu wanaofanya biashara na serikali. Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ipo, ifanye kazi hiyo. Na iwepo kanuni ya kueleweka kwamba ajali inayoua watu wengi inakatisha likizo ya waziri husika siku hiyohiyo, awe kwenye mashimo 18 au kwenye ng'ombe wake.

La mwisho tunalielekeza kwa wakubwa wa hapahapa, wa mkoa, jiji na manispaa. Mwaka 2016 Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wote. Watumishi walijitokeza na fulana mpya, picha zikapigwa, kisha fulana zikafuliwa na kukunjwa. Mazoezi ya viongozi yamebaki. Ya watoto yamekosa pa kufanyikia. Jiji letu ni la milima na mawe, tambarare ni chache, na kila penye tambarare kuna mtu mwenye mchoro wa fremu za maduka. Tunavyo Nyamagana, Kirumba na Furahisha, lakini mtoto wa Mabatini au Igogo hapandi daladala kwenda kucheza chandimu. Anacheza barabarani, akikwepa bodaboda.

Jakaya Kikwete alipenda mpira wa kikapu tangu ujana. Mwaka 2015, akielekea kuondoka, kulifunguliwa kituo cha michezo cha vijana chenye jina lake Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Watoto wanaochezea pale hawahitaji kadi ya uanachama. Huo ndio mfano wa starehe ya mkubwa iliyotanuka hadi ikawafikia wadogo, na tungependa kuuona Mwanza kabla ya uchaguzi mwingine. Mkuu wa mkoa anayependa tenisi atujengee viwanja viwili vya umma. Meya anayependa mbio atuachie njia ya waenda kwa miguu kandokando ya ziwa isiyozibwa na ukuta wa hoteli. Mbunge anayependa gofu, tunamtakia mikwaju myema, ila kabla hajabeba fimbo zake atuambie hati za viwanja vya wazi vya jimbo lake zipo kwa nani.